Fahamu: Kwa nini mastaa wa michezo wanachangia ili askari waliojeruhiwa wacheze gofu

Shirika la hisani la On Course Foundation lilianzishwa Uingereza mwaka 2010 na John Simpson, aliyewahi kuwa wakala wa bingwa wa gofu Nick Faldo. Linawafundisha gofu wanajeshi na maveterani waliojeruhiwa au kuugua, kisha linawasaidia kupata ajira kwenye sekta ya mchezo huo. Kwangu mimi, hilo la ajira ndilo zito zaidi.

Kwa nini gofu? Mpira umetulia, hakuna wa kukukaba. Si kwamba ni rahisi. Anayepiga kwa mkono wa kulia, kama mguu wa kushoto ni wa bandia, lazima auegemee huku kiuno kikizunguka, na kifundo cha bandia mara nyingi hakizunguki. Aliyepooza miguu hutumia kiti chenye injini kinachomnyanyua asimame, ndipo apige. Handikapu nayo, yaani mapigo ya ziada anayoruhusiwa mchezaji dhaifu, humwezesha mgeni kushindana na mkongwe.

Na mastaa wa michezo wanaingiaje? Wanaleta majina yao: wafadhili hulipia nafasi ya kucheza nao, na kamera hufuata. Tangu 2012, timu za maveterani wa Uingereza na Marekani zimekuwa zikigombea Kombe la Simpson, mashindano ya shirika hilo, kwa mtindo wa Ryder Cup, ile michuano ya gofu ya timu kati ya Ulaya na Marekani.