Gari la umeme au la petroli? Pima kwanza safari za nyumba yako

Shemeji yangu, mume wa dada yangu wa pili, ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam, na Allah amemjaalia riziki pana. Mwezi mmoja kabla ya Ramadhani alituita nyumbani kwake Mbezi Beach, mimi na kaka yetu mkubwa, akasema anataka ushauri. Juu ya meza aliweka karatasi mbili. Ya kwanza ilieleza BMW iX, gari la kifahari linalotumia umeme peke yake. Ya pili ilieleza BMW X5 M, gari la kampuni hiyohiyo, lenye ukubwa unaokaribiana na wa lile la kwanza, lakini linalokunywa petroli na lililoundwa kwa ajili ya kasi.

Fedha alikuwa nazo, nyingi zikiwa za kiwanja alichokiuza mwaka uliotangulia. Kabla hatujazigusa karatasi, kaka aliuliza kama zaka ya fedha hizo imeshatolewa. Shemeji alinyamaza kidogo, kisha akakiri kwamba alidhani fedha zikishakusudiwa kununulia gari la kutumia huwa hazina zaka. Kaka akamweleza kuwa gari la kutumia ndilo lisilo na zaka. Fedha zilizofikia nisabu na kupitiwa na mwaka zinadaiwa asilimia 2.5, hata kama mwenyewe ameshazipangia kazi. Hesabu hiyo ilifanywa usiku uleule, na bajeti ya gari ikapungua kabla ya mazungumzo kuanza.

Nikiri mapema kwamba moyo wangu ulielekea kwenye petroli. X5 M ina injini ya silinda 8 yenye ujazo wa lita 4.4 na turbo mbili, na toleo lake la Competition hutoa nguvu za farasi 625. Hutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa kwa muda usiofika sekunde 4. Mngurumo wake ni kitu ambacho mtu aliyekulia gereji, kama mimi, hawezi kukisikia asigeuke. Toleo la iX liitwalo xDrive50, lililoanza kuuzwa mwaka 2021, lina nguvu za farasi 523 na hufikia mwendo huohuo kwa sekunde 4.6, kimya kama feni ya chumba cha pili. Dada yangu alitusikiliza tukibishana juu ya sehemu ya sekunde, akauliza swali moja: kwenye barabara gani? Sehemu nyingi za mji mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa, na trafiki wenye tochi wanajua mahali pa kujificha. Hakuna aliyemjibu.

Tukageukia gharama, kwa kuwa shemeji alikuwa na hoja kwamba umeme utamwokolea fedha. Tuchukulie uniti moja ya LUKU ni shilingi 360, lita ya petroli shilingi 3,000, na gari litembee kilomita 15,000 kwa mwaka. Gari la umeme la uzito huo, likiwa na kiyoyozi muda wote, hula takriban uniti 25 kwa kilomita 100. Hizo ni uniti 3,750 kwa mwaka, yaani shilingi 1,350,000. Lile la petroli, kwa foleni zetu, tulilipa lita 15 kwa kilomita 100, na pengine tulilipendelea. Hizo ni lita 2,250, yaani shilingi 6,750,000. Tofauti ni shilingi 5,400,000 kila mwaka.

Si fedha ndogo. Lakini anayenunua gari la mamia ya mamilioni asijidanganye kwamba amefanya hivyo ili kubana matumizi. Gari la umeme likimzidi mwenzake bei kwa milioni 60, itachukua miaka 11 kurudisha tofauti hiyo, na kwa umri huo betri itakuwa imepita udhamini wa kiwandani, ambao ni miaka 8 au kilomita 160,000. Tena, gari lililotumika ng'ambo likaletwa na mtu binafsi huenda lisiheshimiwe udhamini huo hapa nchini. Jambo hilo liulizwe kwa maandishi kabla ya kulipa.

Faida ya umeme kwa nyumba ile ilikuwa mahali pengine. Dada ndiye anayeendesha siku sita kwa wiki. Huwapeleka watoto wanne shule, huwarudisha, huwapeleka madrasa, na mara tatu kwa wiki humchukua mama mkwe wake alfajiri kumpeleka hospitali kusafishwa damu kwa mashine, kwa kuwa figo zake zimedhoofika. Tulipojumlisha, safari hizo hazikuzidi kilomita 60 kwa siku, nyingi zikiwa za kusimama na kusogea, kusimama na kusogea. Hapo ndipo injini kubwa ya petroli huteketeza mafuta bila kwenda popote. Mota ya umeme haili kitu gari likisimama, isipokuwa kiyoyozi na vikorokoro vingine, na kila dereva anapopunguza mwendo mota hiyo hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya umeme kwenye betri. Kilomita 60 ni uniti 15. Hata soketi ya kawaida ya ukutani, inayotoa kilowati 2 hadi 3, huzirudisha ndani ya saa sita au saba, watu wakiwa wamelala.

Kaka akauliza la kukatika umeme. Swali ni la haki, lakini jibu lake ni jepesi kuliko tulivyodhani. Betri ya iX ina nafasi ya uniti 105 zinazotumika. Kiwanda hudai zaidi ya kilomita 600 kwa vipimo vya Ulaya. Sisi tukahesabu 420 kwa joto na barabara zetu. Gari lililolala limejaa linaweza kuhudumia nyumba ile karibu wiki nzima. Wa kuogopa ni yule anayesubiri mpaka betri ibaki na kidogo, kama wanavyofanya wengi na simu zao.

Safari ndefu ni habari nyingine. Familia ile huenda Tanga kila Idi, takriban kilomita 350 kwa njia ya Chalinze na Segera. X5 M, yenye tangi la zaidi ya lita 80, ingefika bila kufikiria, na vituo vya mafuta viko njia nzima. Gari la umeme lingefika pia, lakini likiwa na akiba ndogo, na huko lingetegemea soketi ya nyumba ya kijijini, ambayo ingehitaji karibu siku mbili, mchana na usiku, kulijaza. Kwa Idi ya siku tatu inawezekana. Kwa msiba wa ghafla, wa kwenda na kurudi siku moja, haiwezekani.

Ni dada aliyeona kile ambacho wanaume watatu hatukukiona. Magari yote mawili yana viti vitano. Baba, mama, watoto wanne na bibi ni watu saba. "Idi hii nani tunamwacha?" aliuliza, bila kupandisha sauti. Shemeji alikuwa amekwisha kupanga kuiuza Toyota Noah yao ya zamani ili kuongezea bei ya X5 M, iliyokuwa ghali zaidi kati ya magari mawili aliyooneshwa. Mwenzake wa biashara alikuwa amemshauri kwamba akipungukiwa akope benki ya kawaida. Kaka alilikataa hilo kwa neno moja, riba, akataja njia ya murabaha, ambayo benki hununua gari na kukuuzia kwa faida inayojulikana tangu mwanzo. Mimi niliongeza kwamba hata deni la halali ni deni, na kwamba kukopa kwa ajili ya sehemu ya sekunde ni vigumu kukutenganisha na israfu.

Wiki iliyofuata tuliyapata magari yote mawili kwa siku moja moja, moja kutoka kwa rafiki na jingine kutoka kwa muuzaji aliyetaka sana kuuza. Fundi wetu wa miaka mingi alilizunguka la umeme akitafuta pa kufungulia boneti, asipate. Boneti ya iX haikuwekwa kwa ajili ya mwenye gari kuifungua. Maji ya kuoshea kioo humiminwa chini ya nembo ya kampuni iliyo mbele, ambayo hufunguka kama kifuniko. Mzee alicheka, kisha akasema waziwazi kwamba umeme wa volti nyingi kama ule yeye hataugusa, na tusimruhusu fundi yeyote wa uchochoroni augusa. Nilimheshimu kwa kauli hiyo. Anayetaka gari hili amtafute kwanza aliyefunzwa kulitengeneza, ndipo alitafute gari.

Dada naye alikuwa na hofu ya ukimya wake, kwa sababu watoto huchezea uani. Magari mapya ya umeme yauzwayo Ulaya hulazimika kutoa sauti ya onyo yakienda chini ya kilomita 20 kwa saa. Tulilisikiliza likirudi nyuma: lina sauti, lakini ndogo. Geti na watoto vitaendelea kuhitaji macho.

Jaribio lililoamua halikuwa letu. Tulimpandisha bibi katika magari yote mawili, siku mbili za hospitali, wakati wa kurudi, anapokuwa amechoka zaidi. X5 M hukaa juu ya springi ngumu na tairi pana zenye ubavu mfupi, kwa ajili ya kushika barabara katika kasi. Kwenye matuta ya kuingia mtaani kila moja lilimfikia mgongoni, naye akashika mkono wa mlango mpaka nyumbani bila kusema neno. iX tuliyopewa ilikuwa na mfumo wa hewa badala ya springi. Alilala njiani. Shemeji, aliyekuwa akiendesha, alimtazama mama yake kwenye kioo mara mbili, na sikumsikia tena akitaja farasi 625.

Walichukua la umeme, kwa fedha taslimu, na Noah haikuuzwa. Itafungwa tairi mpya na kwenda Tanga kama kawaida. Fundi umeme alipokuja kupima waya wa kutoka kwenye mita na kuweka soketi yenye swichi yake peke yake, alimkuta bibi barazani. Bibi alitaka kujua kitu kimoja tu: gari likianza kula usiku, feni yake itazimika?

"Hapana, bibi," alisema fundi, akiendelea kuvuta waya. "Hiyo nimeiweka njia yake."