Mtoto Angani: Uamuzi Unaopaswa Kufanyika Kliniki

Familia inapopanga safari ya ndege, wazazi huuliza kwanza bei ya tiketi, saa ya kuondoka na uzito wa mizigo. Suala la afya ya mtoto huja baadaye, pengine usiku wa kuamkia safari. Kwa watoto walio wengi kuchelewa huko hakuna madhara, kwa kuwa mtoto mwenye afya njema, awe mchanga au mkubwa, husafiri kwa ndege salama. Wanaohitaji kuangaliwa ni wachache: wale ambao wakiwa ardhini wanaonekana wamepata nafuu, ilhali miili yao haina akiba ya kuhimili hali ya angani. Watoto hao hutambulika kliniki kwa maswali machache na kipimo cha oksijeni kinachowekwa kidoleni. Wakiisha kuwa angani, msaada unaopatikana ni mdogo.

Hewa ya ndani ya ndege

Ndege kubwa ya abiria huruka katika kimo cha takribani mita 10,000 au zaidi. Mitambo yake huongeza mgandamizo wa hewa ya ndani, lakini haiufikishi kiwango cha usawa wa bahari. Abiria hukaa katika hewa inayolingana na ya mahali palipo kati ya mita 1,800 na 2,400 kutoka usawa wa bahari. Mtoto aliyepandia ndege Dar es Salaam hujikuta, kwa muda wa nusu saa hivi, amepita kimo cha Mbeya na kukaribia kile cha Addis Ababa. Katika kimo cha mita 2,400, oksijeni anayoipata kwa kila pumzi ni sawa na kuvuta, akiwa pwani, hewa yenye oksijeni asilimia 15 badala ya 21.

Mtu mwenye afya huhimili badiliko hilo. Kipimo cha kidoleni hushuka kidogo, mara nyingi hadi kati ya asilimia 90 na 94, naye hasikii lolote. Lakini mtoto anayeanza safari akiwa na asilimia 92 kwa sababu ya nimonia isiyopona hana pa kushukia. Tena mtoto mchanga hutumia oksijeni nyingi kwa kila kilo ya uzito wake kuliko mtu mzima, na njia zake za hewa ni nyembamba. Ndiyo maana mafua yanayomsumbua kaka yake kidogo tu yanaweza kumlemea yeye.

Nani asubiri?

Mtoto mchanga asisafirishe kwa ndege katika saa 48 za kwanza za maisha yake, na ni vema zaidi kungoja hadi atimize siku saba. Mashirika mengi ya ndege yana masharti yao kuhusu umri huo. Mtoto njiti, hasa aliyewahi kuhitaji oksijeni, aonwe kwanza na daktari wa watoto, hata kama sasa ananyonya vizuri na kuongezeka uzito.

Mtoto mwenye nimonia, au aliyebanwa na pumu siku za karibuni, asubiri hadi apumue bila taabu na kipimo chake cha oksijeni kirejee hali ya kawaida. Aliyepasuliwa tumboni au kifuani asubiri takribani siku 10, na ruhusa itoke kwa daktari aliyempasua. Sababu ni kwamba hewa iliyobaki mwilini hutanuka kwa karibu theluthi moja katika mgandamizo wa ndani ya ndege. Jambo hili lizingatiwe hasa kwa watoto wanaoletwa kutibiwa katika hospitali za rufaa kutoka mikoa ya mbali, maana hamu ya kurudi nyumbani huanza siku ile ile ya kuruhusiwa kutoka wodini. Mwenye surua au tetekuwanga naye abaki nyumbani hadi muda wa kuambukiza wengine upite.

Selimundu na upungufu wa damu

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa wa selimundu, kwa hiyo suala hili hujitokeza mara kwa mara. Upungufu wa oksijeni, ukosefu wa maji mwilini, baridi na kukaa bila kujinyoosha ni mambo yanayoweza kuchochea maumivu ya selimundu. Yote hayo hukutana katika safari moja ndefu, kwani hata hewa ya ndani ya ndege ni kavu, na unyevu wake kwa kawaida huwa chini ya asilimia 20.

Hata hivyo, si haki kumzuia kila mtoto mwenye selimundu asipande ndege. Aliye katika hali yake ya kawaida, bila maumivu wala homa, anaweza kusafiri kwa maandalizi. Apewe maji mara kwa mara, avae nguo za joto, na dawa zake, ikiwamo haidroksiyurea kwa anayeitumia, ziwe kwenye begi la mkononi. Aliyepatwa na maumivu makali asubiri angalau siku 10 baada ya kupona. Mtoto yeyote ambaye hemoglobini yake imeshuka karibu na gramu 8 kwa desilita au chini yake apimwe na daktari kabla ya safari, hasa ikiwa imeshuka ghafla.

Masikio wakati wa kutua

Kilio cha watoto ndege inapoanza kushuka kina sababu. Mrija unaounganisha sikio la kati na koo hufunguka mtu anapomeza. Usipofunguka wakati mgandamizo wa hewa unapoongezeka, ngoma ya sikio huvutwa ndani na kuuma. Mama amnyonyeshe mtoto wakati wa kushuka, na akiwa amelala amwamshe. Watoto wakubwa wanywe maji kidogo kidogo, wapige miayo au watafune. Peremende ngumu na karanga wasipewe walio wadogo, kwa kuwa zinaweza kuwapalia.

Baadhi ya wazazi huwapa watoto dawa za mzio au kikohozi ili walale njiani. Tabia hiyo ni ya hatari. Prometazini, kwa mfano, haipaswi kupewa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa sababu inaweza kudhoofisha upumuaji. Hatari hiyo huongezeka mahali ambapo oksijeni tayari imepungua.

Watoto wakubwa

Mtoto wa umri wa shule anaweza kueleza anavyojisikia, lakini dawa zake hutegemea kumbukumbu ya mzazi. Kipulizio cha pumu, dawa za kifafa na insulini visiwekwe katika mizigo inayoingia chumba cha chini cha ndege. Insulini inaweza kuganda kwa baridi na kuharibika. Mtoto aliyefungwa plasta ngumu kwa kuvunjika mfupa katika saa 48 zilizopita asipande ndege kwa safari ndefu kabla plasta hiyo haijapasuliwa kwa urefu, kwa kuwa kiungo huweza kuvimba ndani yake.

Kwa safari za nje, chanjo ya homa ya manjano hutolewa kuanzia umri wa miezi tisa, na cheti chake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa. Familia ikirudi kutoka eneo lenye malaria na mtoto akapata homa, mzazi amtajie mhudumu wa afya safari hiyo bila kusubiri kuulizwa.

Neno kwa mhudumu wa afya

Unapoombwa barua ya kuruhusu safari, usiandike kwa kumtazama mtoto tu. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima, pima oksijeni na joto, tazama masikio, angalia weupe wa viganja. Uliza muda wa safari na kama mahali wanapokwenda pana hospitali. Anayehitaji oksijeni njiani lazima shirika la ndege lijulishwe mapema kwa fomu yake ya taarifa za afya, kwa kawaida saa 48 au zaidi kabla ya safari.

Ugumu mkubwa wa kazi hii ni pale jibu linapokuwa "subirini", na tiketi imekwisha kulipiwa kwa fedha za kuchangishana. Mzazi aliye mbele yako anakuomba sahihi, wala hana nia mbaya. Mweleze kwa heshima hatari iliyopo, kisha muandikie barua ya kuliomba shirika limbadilishie tarehe. Mashirika mengi hupokea maombi yenye sababu za kiafya. Nawe mzazi, ikiwa mtoto wako ana ugonjwa wa kudumu au ametoka hospitali karibuni, pita kliniki kwanza, ndipo ukate tiketi.