Picha za watakatifu kwenye simu

Mtaguso wa pili wa Nisea, mwaka 787, uliamua kwamba heshima inayotolewa kwa picha humwendea yule aliyechorwa. Kwa msingi huo, Mkatoliki anayesali mbele ya picha humwomba mtakatifu mwenyewe amwombee kwa Mungu. Karatasi, mbao au kioo cha simu havisikii sala. Kwa hiyo picha ya Karoli Lwanga na wenzake, mashahidi wa Uganda waliotangazwa watakatifu mwaka 1964, haipungukiwi kitu ikifika kwa WhatsApp badala ya kununuliwa Namugongo.

Kwa waumini wa Itiryo, wilayani Tarime, suala hili lina upande wa nyumbani. Wako katika Jimbo la Musoma, lililoanzisha mwaka 2005 mchakato wa kumtangaza Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, kuwa mwenye heri. Hadi sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu. Kumwomba faraghani kunaruhusiwa, na picha yake yaweza kukaa kwenye simu. Ila kumchora na mng'ao kichwani, au kumweka altareni, ni kulitangulia Kanisa; katazo hilo lina mizizi katika amri za Papa Urbano VIII za karne ya 17. Programu za kutengeneza picha hazilijui katazo hilo, na anayesambaza picha bila kuichunguza huenda naye halijui.

Picha yaweza kupita kwenye simu, lakini sakramenti ni jambo jingine. Mwaka 2002 Vatikani ilisema wazi: hakuna sakramenti kwenye intaneti.