Mtoto Anapopotelea Msituni: Familia Zinavyotafutana Masisi na Walikale

Katika wilaya za Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mtoto hupotea hasa siku kijiji kinapokimbia. Risasi zikilia alfajiri, mama humbeba mdogo mgongoni na kumshika mwingine mkono. Aliyetumwa mtoni kuchota maji hurudi na kukuta nyumba tupu. Huyo atafuata jirani yeyote anayemwona mbele yake, na jirani huyo huenda ameshika njia nyingine kabisa.

Umbo la nchi hufanya kutafutana kuwa kazi ngumu. Masisi ni vilima vya malisho, maharagwe na viazi. Kuelekea magharibi ardhi hushuka na msitu wa mvua huanza. Wilaya ya Walikale ina kilomita za mraba zaidi ya 23,000, karibu mara tano ya Masisi, lakini barabara zake ni chache na vijiji vingi hufikiwa kwa pikipiki au kwa miguu. Wanaokimbia hupita vijia vya wawindaji na wachimba madini. Familia ikigawanyika kwenye njia panda, mmoja aweza kutokea Sake, mwingine Pinga, na mwingine Walikale mjini, bila yeyote kujua kama mwenzake yu hai.

Hali hii ina historia ndefu. Machi 1993 mapigano yalizuka katika soko la Ntoto, wilayani Walikale, yakaenea hadi Masisi. Mwishoni mwa 1996, kambi za wakimbizi wa Rwanda ziliposhambuliwa, maelfu kwa maelfu ya watu walijitosa msituni wakielekea Tingi-Tingi, karibu na Lubutu. Mwandishi Mnyarwanda Marie Béatrice Umutesi, aliyepita Walikale katika safari hiyo, aliisimulia katika kitabu alichokitoa mwaka 2000. Mwanzoni mwa 2025 vita vya waasi wa M23 vilipamba moto Masisi, vikafika Goma mwezi Januari na Walikale mjini mwezi Machi, na familia zikatawanyika tena.

Wazazi huanza kutafuta pale watu wanapokusanyika: kanisani, sokoni, kwenye vituo vya pikipiki, kambini. Wasipofanikiwa, huenda kwa Msalaba Mwekundu. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ikishirikiana na Msalaba Mwekundu wa Kongo, huandikisha wazazi wanaotafuta na watoto waliopatikana peke yao. Wakati wa kungoja, mtoto huwekwa kwenye familia ya kumpokea, ili aendelee kuishi kijijini kama watoto wengine.

Kisha huja mahojiano. Mtoto wa miaka mitano hajui jina la wilaya yake, naye humjua mama yake kama Mama Furaha tu, kwa jina la mzaliwa wa kwanza. Majina rasmi nayo hayasaidii sana, kwani ndugu wa tumbo moja Kongo mara nyingi hawana jina la ukoo la pamoja. Kwa watu wa kabila la Wanande, kwa mfano, Kambale ni mvulana wa pili na Kasereka ni wa tatu, kwa hiyo akina Kambale ni maelfu. Anayehoji hutafuta kwingine. Mlikuwa mnakamua ng'ombe au mnakamua mawese? Soko lilikuwa siku gani? Kijito mlichochota maji kinaitwaje? Mlisali kanisa gani? Ng'ombe huelekeza Masisi juu. Mawese huelekeza Walikale chini. Lugha anayoongea mtoto, iwe Kihunde, Kinyanga au Kinyarwanda, hupunguza zaidi idadi ya vijiji vya kuuliza.

Habari hizo husafiri kwa njia kadhaa. Wajitolea huzibeba mkononi hadi kwa machifu na wachungaji. Wenye namba ya simu hupigiwa bure. Ujumbe wa Msalaba Mwekundu, karatasi isiyofungwa yenye habari za kifamilia pekee, hupelekwa mahali ambapo simu haishiki. Picha za watoto wadogo hubandikwa, na majina husomwa redioni. Idhaa ya BBC ya Kinyarwanda na Kirundi ilianzishwa mwaka 1994 kwa kazi hiyo hasa, na jina lake, Gahuzamiryango, lina maana ya anayeunganisha familia.

Jina likilingana, kazi haijaisha. Mtoto na mzazi huhojiwa kila mmoja peke yake na majibu yao kulinganishwa, ili mtoto asikabidhiwe kwa mtu asiye wake. Mtoto huulizwa kama anataka kurudi, na usalama wa njia na wa kijiji hupimwa. Hapo ndipo husafirishwa kwa gari au ndege, na baadaye hutembelewa kuona anavyoendelea.

Haya yana msingi katika sheria. Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949 unazitaka pande zinazopigana kurahisisha kutafutana kwa familia zilizotawanyika, na Itifaki ya Pili ya 1977 inalipeleka jukumu hilo kwenye vita vya ndani ya nchi.

Wapo wasiopatikana kwa miaka. Maelezo yao hubaki kwenye kumbukumbu, kwani mtoto aliyeandikishwa akiwa na miaka minne aweza kurudi akiwa kijana, akiuliza mwenyewe habari za mama yake na za kijito kile.