Bomba Bovu la Pirbright

Wewe mfugaji wajua: ng'ombe akidondosha udenda, akachechemea, nawe ukamfungua kinywa ukaona malengelenge, basi ni ugonjwa wa miguu na midomo. Lakini je, wajua kwamba mwaka 2007, huko Uingereza, ugonjwa huo ulitoka mahali pale pale palipojengwa ili kuuchunguza?

Mahali penyewe ni Pirbright, katika jimbo la Surrey. Palikuwa na maabara ya kuchunguza maradhi ya mifugo, na katika uwanja huo huo kampuni ya Merial ikitengeneza chanjo. Nyumba za namna hii si kama zahanati yetu. Mashine huvuta hewa mchana na usiku, ili hewa iingie tu, isitoke ovyo. Ile inayotoka hupita kwanza katika machujio yanayonasa hata virusi. Mtu akitaka kutoka huvua nguo zote, huoga mwili mzima, nywele pia, ndipo avae nguo zake za nje. Hata hivyo haruhusiwi kukaribia mifugo kwa siku kadhaa. Maji machafu nayo huenda katika matangi, yakatiwa dawa kali.

Sasa angalia. Mabomba ya kupeleka maji hayo kwenye tangi la mwisho yalikuwa chini ya ardhi. Yalikuwa ya zamani, yana nyufa, na mizizi ya miti imepenya ndani. Julai ya mwaka ule mvua ilinyesha mno. Wachunguzi waliona kwamba yaelekea maji yenye virusi yalivuja udongoni, na malori ya wajenzi yakachukua matope yale kwa magurudumu hadi barabara ipitayo karibu na shamba la kwanza. Tarehe 3 Agosti ugonjwa ulithibitishwa. Kufika mwisho wa Septemba mashamba 8 yalikuwa yamepatwa, na mifugo yake ikauawa. Wengine, wasio na mnyama mgonjwa hata mmoja, walikatazwa kusafirisha ng'ombe wao. Hofu ilikuwa kubwa, kwa maana mwaka 2001 ugonjwa huo uliwafanya Waingereza waue wanyama zaidi ya milioni 6.

Walijuaje kwamba umetoka maabarani? Virusi vile vilikuwa vya aina iliyopatikana mwaka 1967, ambayo haikuwa ikizunguka tena mashambani.

Labda utauliza: hawakujua habari za mabomba? Kumbe walijua. Maabara na kampuni hawakupatana ni nani mwenye wajibu wa kuyatunza. Hili si geni: fedha za darubini mpya hupatikana upesi kuliko fedha za bomba lililofukiwa, na kila mwenye pampu ya kijiji anaelewa.

Pirbright haikufungwa. Limejengwa jengo jipya, nalo limepewa jina la Walter Plowright, bwana mganga wa mifugo aliyetengeneza chanjo ya sotoka pale Muguga, Kenya. Wazee wetu walioshuhudia sotoka hawahitaji kuelezwa. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba imekwisha duniani. Virusi vyake vilisalia katika maabara chache tu. Mwaka 2019 Pirbright walitangaza kwamba wanaviangamiza vya kwao, vichupa zaidi ya 3,000, baada ya kuandika kwanza habari zote za maumbile yake.