Hisabu ya Mwezi na Hoja ya Kuwako Mungu

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 28 Julai 2018, mwezi ulipatwa, ukageuka mwekundu kama shaba. Kivuli cha dunia kiliufunika wote kwa muda wa dakika 103. Wajuzi wa ilimu ya falaki walikuwa wameitaja saa yake zamani, nayo haikuwahalifu. Sunna yatutaka tusali mwezi unapopatwa, lakini siku hizi hukosi kumsikia kijana akiuliza: ikiwa yote yajulikana kwa hisabu, kusali ni kwa nini?

Swali hilo lina mwenziwe nyuma yake, ambalo vijana hawalisemi mbele ya wazee. Kila kitu kikiwa na sababu yake, ni lipi lililobaki la kutuonyesha kwamba yuko Mungu? Nimewaona wakijibiwa kwa ukali, nao wakanyamaza. Waama, kunyamaza siko kukinaika.

Wala si swali geni. Mwaka 632, Ibrahim mwana wa Mtume wetu (S.A.W.) alipofariki, jua lilipatwa siku ile ile. Watu wakasema limemlilia mtoto. Mtume, naye yumo msibani, aliwakataza kuamini hivyo: jua halipatwi kwa ajili ya kufa mtu. Naye alisali. Mambo hayo mawili aliyafanya kwa pamoja, na hapana lililoliondoa jingine.

Karne nne na ushei baadaye akaja Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Wengi wamjua kuwa ndiye aliyewavunja wanafalsafa kwa kitabu chake Tahafut al-Falasifa. Wachache hukumbuka aliyoyaeleza mwanzoni mwa kitabu hicho hicho: kwamba mwezi hupatwa kwa dunia kuingia kati yake na jua, na kwamba anayelipinga hilo akidhani anaitetea dini, anaidhuru dini. Kwani mwenye kuijua hisabu hataitilia shaka hisabu yake. Ataitilia shaka dini. Lau maneno hayo yangalisomwa katika baraza zetu, zogo nyingi zingalipungua. Na sisi wenyewe tuna ratiba za sala zilizobandikwa kutani misikitini, zimetolewa kwa hisabu ya jua, wala sijasikia mtu akizigombea. Ugomvi twauweka kwa ajili ya mwezi mwandamo!

Walakini liko kosa la upande wa pili, nalo laonekana tamu. Mwaka 1927 padri mmoja wa Ubelgiji, Georges Lemaître, bingwa wa fizikia, alionyesha kwa hisabu kwamba ulimwengu watanuka. Mwaka 1931 akaongeza kwamba, tukirudi nyuma kabisa, wote ulitokana na asili moja, mfano wa chembe. Leo wataalamu wakadiria kuwa tangu hapo ni kama miaka bilioni 13.8. Mwaka 1951 Papa Pius wa 12 aliishangilia habari hiyo hadharani kuwa ni ushahidi wa kuumbwa ulimwengu. Padri mwenyewe hakupendezwa. Kwake yeye nadharia ile ilikuwa ya fizikia tu, haimthibitishi Mungu wala haimkanushi. Nampenda mtu huyu kwa hilo. Sisi tunao wahubiri ambao kila likigunduliwa jambo hutangaza kuwa limo katika aya fulani. Wataalamu wakibadili kauli kesho, aya ile wataipeleka wapi?

Tuliosomeshwa sifa ishirini chuoni twakumbuka kwamba ya kwanza ni wujudi, kuwako, na dalili yake ni huduthi ya ulimwengu: ulimwengu ulianza, na kila kilichoanza kina aliyekianzisha. Ni hoja nzuri, na Ghazali aliitegemea. Lakini yataka kwanza tukubaliane kwamba ulimwengu ulianza, na hapo ndipo kijana wa fizikia anapokushika.

Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1037, alipita njia nyingine. Mfano huu ni wangu, si wake. Kuna sufuria kubwa ya pilau arusini. Wenye arusi wameiazima kwa jirani, jirani naye kaiazima kwa mwingine, na huyo kwa mwingine. Ongeza nyumba upendavyo, hata zisiwe na mwisho. Ikiwa kila mmoja kaazima, sufuria imepatikanaje? Hapana budi awepo mwenye nayo, asiyeiazima kwa mtu. Kila tukionacho kimeazima kuwako kwake. Asiyeazima ndiye Ibn Sina aliyemwita Wajibul-wujudi. Ulimwengu uwe na mwanzo au usiwe nao, hoja haigusiki, na darubini haina la kusema juu yake. Ghazali alimkufurisha Ibn Sina kwa mambo matatu, moja likiwa hilo la kuukanushia ulimwengu mwanzo, nami hapo niko na Ghazali. Lakini sufuria siirudishi.

Nilimpa mfano huu kijana mmoja wa chuo kikuu. Akafikiri, kisha akaniuliza: "Sawa, mzee wangu, mwenye sufuria yuko. Lakini nitajuaje kwamba anisikia nikimwomba?"

Nilimsimulia kwamba mwaka 1095 Ghazali, mwalimu mkuu wa Baghdad, alishikwa ulimi asiweze kusomesha, akaiacha kazi na fahari yake akatoka mjini. Baadaye aliandika kwamba shaka iliyompata ujanani haikuponywa kwa hoja zilizopangwa, bali kwa nuru aliyotiwa moyoni na Mwenyezi Mungu. Kijana aliniomba jina la kitabu. Ni al-Munqidh min al-Dalal, nami nilimwandikia kwa herufi za Kiarabu na za Kizungu.