Nishani Haitoshi

Shujaa akisifiwa, sote hupiga makofi. Leo twauliza: makofi yakiisha, shujaa hupata nini?

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei, 1945, karibu na Taungdaw katika nchi ya Burma, iitwayo sasa Myanmar, askari wa Kigurkha aliyeitwa Lachhiman Gurung, mzaliwa wa Nepal, alikuwa katika handaki la mbele kabisa la kikosi chake. Wajapani wapatao 200 wakashambulia. Bomu la mkono likatua ukingoni mwa handaki; akaliokota, akawarudishia. La pili likaanguka ndani. Hilo nalo akalirudisha. La tatu likamlipukia mkononi, likamkata vidole, likauvunja mkono wake wa kuume, likamjeruhi uso na mguu. Wenzake wawili wakalala wamejeruhiwa vibaya. Gurung hakurudi nyuma. Kwa mkono wa kushoto peke yake alitia risasi na kupiga bunduki muda wa saa nne. Adui waliokufa mahali pale walihesabiwa 87. Kati yao 31 walilala mbele ya sehemu aliyoilinda.

Mwezi wa Desemba 1945, mjini Delhi, alivikwa Victoria Cross, nishani ya ushujaa iliyo kuu kuliko zote za Uingereza. Lakini jicho lake la kuume lilikwisha potea. Mwaka 1947 alirejea kwao, akashika jembe.

Miaka ikapita. Wagurkha waliostaafu kabla ya Julai 1997 hawakupewa haki sawa na wenzao ya kukaa Uingereza, nchi waliyoimwagia damu. Asante ya punda ni mateke! Wazee hao wakadai, wakaenda mahakamani, naye Gurung, mwenye miaka zaidi ya 90, akasimama pamoja nao. Mwezi wa Mei 2009 serikali ikakubali haki hiyo kwa waliotumika miaka minne au zaidi. Gurung alifariki London mwezi wa Desemba 2010.

Habari hii si ya mbali nasi. Mwaka 1944 askari wa KAR kutoka Afrika ya Mashariki walipigana katika vita hivyo hivyo vya Burma, katika bonde la Kabaw. Na kila mfanyakazi aijua maana yake: sifa hutolewa siku moja, haki yadaiwa miaka. Basi tuwasifu mashujaa, lakini kwanza tuwalipe haki yao, nao wangali hai.